Msemaji wa Ukoo wa Watu

Kuanzia Nateete hadi Mpigi, hakuna aliyekuwa na binti wa kuozesha halafu asimjue Erifazi Mugalula. Siku ya kwanjula, sherehe ya mchumba kujitambulisha kwao binti, wakwe wanapofika na vikapu vyao na kanzu zilizopigwa pasi mpaka zikakakamaa, yeye ndiye aliyekaa mbele ya hema la kina binti na kuwauliza wageni wametoka wapi, wamefuata nini, na nani aliyewadanganya kwamba nyumba hii ina msichana. Aliwauliza kwa Kiganda cha ndani, chenye maneno ambayo Waganda wenyewe siku hizi wakiyasikia wanatazamana. Wageni walitokwa na jasho, wakatozwa faini kwa kujibu ovyo, wakacheka wenyewe, na kina mama wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akanyamaza. Watu walisema mzee huyu alinyonya Kiganda kwa mama yake. Haikuwa kweli, ila wao wangejuaje?

Kabla ya yote hayo, desturi inamtaka msemaji ajitaje. Hasimami mtu mbele ya wakwe akaanza kubwabwaja tu kama anauza sabuni. Anataja jina lake, la baba yake, la babu yake, tawi lake, kilima walikozikwa wazee wake, na mwiko wao. Mugalula alikuwa wa ukoo wa Senene, wale ambao kwao senene, wale panzi watamu, haziliwi hata njaa iume vipi. Tunawajua Senene kadhaa wa kuzaliwa wanaozitafuna wakiwa peke yao, na wanajijua. Mugalula hakuwahi kuonja hata mguu mmoja. Mwezi wa kumi na moja, barabara nzima ikinukia senene za kukaangwa na vitunguu, alipita akiwa ameubana mdomo kama mtu anayepita msibani.

Alijitaja kwa pumzi moja, sauti imenyooka, na hema lote likaitikia. Hakuna aliyegundua kwamba kila alipofika kwenye jina la babu, mkono wake wa kushoto ulilishika pindo la kanzu na kulikunja. Alifanya kazi hiyo miaka na miaka, na hofu ile hakuizoea. Kila mara alingoja sauti moja kutoka nyuma ya hema iseme, huyo si wetu.

Kwani hakuwa wao. Baba yake aliitwa Barampama, na alikuja kwa miguu kutoka Burundi zamani za mkoloni, pamoja na wenzake wengi, kulima kahawa ya watu huko Buddu. Wenyeji waliwaita wapagazi, na neno hilo halikuwa la heshima. Mwenye shamba, mzee wa ukoo wa Senene asiyejaliwa mtoto wa kiume, alimpenda Barampama kwa sababu hakunywa wala hakuiba. Akampa kipande cha kulima, akampa jina la Mugalula, akamwambia, "Kuanzia leo ukiulizwa, sema wewe ni wangu." Ndivyo walivyopewa wengi. Wajukuu wao leo ni Waganda wenye magari na hawana habari.

Barampama naye angezama humo humo asionekane, isipokuwa ulimi ulimkatalia. Mpaka anakufa alikoroga Kiganda. Akifungua mdomo sokoni, vicheko vinaanza, na watoto wanamfuata nyuma wakimwigiza. Erifazi alikuwa mmoja wao. Alimwigiza baba yake mzazi barabarani, tena kwa sauti kuliko wote, ili asidhaniwe ni wake. Nyumbani baba akimsemesha Kirundi, alijibu kwa Kiganda, mpaka baba akachoka akaacha. Na jioni mtoto huyo alikwenda kukaa na vikongwe wa mwenye shamba, akawasikiliza wanavyosalimiana, wanavyotukanana, wanavyolia matanga, akayabeba maneno yao yote akaondoka nayo. Alipofika utu uzima, hakuna aliyeweza kumcheka tena. Mzee mwenye shamba alikuwa ameshakufa, shamba limeuzwa, na kaburi la Barampama limelimiwa mihogo. Siri walibaki nayo watu wawili, yeye na dada yake Kevina. Mke wake alizikwa bila kuambiwa.

Ila siri ilimwachia tabia moja. Kwetu watu wawili wakikutana, hawajamaliza kusalimiana mmoja ameshauliza, wewe ni wa ukoo gani? Mugalula hakuuliza. Kazini aliuliza, maana ndiyo kazi. Nje ya kazi hakumuuliza mtu yeyote, kwa sababu ukimuuliza mwenzako naye atakuuliza, na maongezi yakinoga atataka kujua mko tawi gani, mkubwa wenu ni nani, na mara ya mwisho mlikwenda kuzika wapi. Watu walidhani ni ustaarabu. Ulikuwa ni woga mtupu, na woga huo ndio ulioivunja nyumba yake.

Mambo yalianza kuharibika na vijana wa vipaza sauti. Walikuja na miwani nyeusi na suruali za kubana, wanachanganya Kiganda na Kiingereza na maneno ya vijiweni ambayo hayajafikisha mwaka, na watu wanakufa kwa kicheko. Siku moja huko Kajjansi, Mugalula yuko katikati ya mafumbo yake, kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Mzee, weka kwa lugha ya watu, tuna njaa!" Hema zima likacheka. Mama wa binti, mwanamke wa heshima zake, akamsogelea akamnong'oneza kwamba pengine afupishe kidogo. Baada ya hapo simu zikapungua.

Ilimuuma kuliko alivyoweza kusema. Kiganda kile alikiiba kwa taabu, na sasa wenyewe walikuwa wamekitupa jalalani.

Binti yake wa mwisho, Noelina, alikuwa anashona gomesi, yale magauni ya sherehe ya kina mama, kwenye kibaraza cha nyumba yao Nateete. Wenzake wote walishaolewa, yeye akabaki na baba, anamkaripia kuhusu dawa na kumkatia kucha. Ndiye aliyejitolea kumfundisha.

"Baba, hawasemi tena wageni wetu watukufu. Wanasema, washikaji mmetinga."

"Mmetinga nini?"

"Mmetinga tu. Mmefika."

"Mtu anatinga kwa mkwe wake?"

"Siku hizi anatinga, Baba. Sema."

Alisema. Noelina aliweka kichwa juu ya cherehani akacheka mpaka uzi ukakatika. Mzee naye akacheka, lakini akarudia neno hilo kimoyomoyo siku nzima kama mtoto wa madrasa. Kwenye kwanjula iliyofuata akalitoa pamoja na mengine matatu aliyojiongezea mwenyewe. Vijana walicheka kweli, ila hawakucheka anavyotaka yeye. Walimcheka yeye.

"Hilo la mwisho lilishakufa, Baba," Noelina alimwambia jioni.

"Limekufa lini? Nimeliokota Jumatatu."

"Yanakufa haraka. Hata mimi mwenyewe naokota kwa mtu."

"Mtu gani?"

Noelina akainamia kitambaa. Jumamosi yake akamleta.

Aliitwa Derrick, ila hata mama yake alimwita Dero. Alikuwa ni mmoja wa wale wale wa vipaza sauti, na Mugalula alipomwona anaingia uani alitamani kumfukuza. Lakini kijana alivua kofia, akavua na miwani, akakaa kwenye mkeka bila kuambiwa.

"Mzee, mimi nakukubali kinoma," alisema. "Ile ya Mpigi nilikuwepo. Uliwazingua wale wakwe mpaka mmoja akasahau jina la baba yake."

"Sikumzingua mtu. Nilimuuliza tu."

"Ndiyo kuzingua kwenyewe huko, mzee wangu. Sisi tunapiga kelele, wewe unauliza swali moja mtu analowa."

Mzee alijaribu kununa, akashindwa. Tangu siku hiyo Dero alikuja kila Jumamosi. Anamletea mzee maneno mapya, na mzee anampa ya zamani, wanabadilishana pale barazani kama kina mama wanaobadilishana mbegu, na Noelina anashona pembeni na kuwacheka wote wawili. Dero alikuwa mbovu wa Kiganda cha ndani, mbovu kweli kweli. Salamu ndefu ya wakwe ilimshinda, akifika katikati anakwama, anajibu "poa." Mugalula alimtazama akastaajabu. Kijana huyu anaivuruga lugha ya babu zake mchana kweupe, na hajawahi hata siku moja kuogopa kwamba si yake.

Wakaanza kufanya kazi pamoja. Mzee anafungua, anajitaja, anawabana wageni kwa mafumbo. Dero anapokea na kuyatafsiri kimtaani, na wazee na vijana wanacheka kila mtu kwa zamu yake. Simu zikarudi. Nyumba ikachangamka. Noelina na Dero walikuwa na lugha yao wenyewe, nusu ya mtaani na nusu waliyoitunga wao, wakiongea mzee haambulii kitu zaidi ya kuona jinsi binti yake anavyong'aa uso. Alimpenda yule kijana. Usiku alilala akijiambia kwamba akifa leo, Noelina ana mtu.

Wala hakumuuliza ukoo. Msaidizi hajitaji, ni msemaji mkuu pekee anayejitaja, kwa hiyo hata kazini halikutokea. Mara mbili tatu swali lilimfika mdomoni, akalimeza.

Mwanamume akishakata shauri, kwanza hupelekwa kwa ssenga, shangazi wa binti, ndiye mwenye mlango. Wakaenda Lukaya kwa Kevina, Dero na nyama na sukari na mkate mkubwa, Noelina na gomesi la zambarau alilolishona mwenyewe. Mugalula naye alikwenda, ingawa si lazima baba aende. Alisema anataka kumsalimia dada yake. Ukweli alitaka kuiona siku hiyo kwa macho yake.

Kevina alikuwa mama mnene mwenye utani mwingi. Alimzungusha kijana maneno, akamuuliza kama anajua kupika, akamuuliza kama anakoroma. Halafu akasema, "Haya mwanangu, jitaje sasa tukujue."

Dero akajikuna kichwa, akamtupia mzee jicho la kuomba msaada. "Mimi naitwa Derrick Kigye. Baba ni Kigye. Babu naye alikuwa Kigye tu, nadhani. Ssenga, mimi haya mambo yananichanganya. Sisi ni Senene."

Noelina alikuwa amepiga magoti na sinia la chai. Hakuliweka chini wala hakuinuka.

"Senene wa wapi?" Kevina aliuliza, na utani wote ulikuwa umemtoka.

"Senene hao hao, Ssenga. Wa kule Gomba. Kwani vipi?"

"Mzee wako huyu hukumsikia siku zote anajitaja?"

Alimsikia, lakini nani anasikiliza sehemu ile? Vijana hungoja ipite ili vichekesho vianze. Jina la kina Noelina hakulijua linaangukia ukoo gani, na jina lake mwenyewe hakuna aliyelitumia, alikuwa Dero wa Nateete basi. Kevina alimpokea Noelina sinia kwa upole akaliweka chini.

"Mwanangu, Senene kwa Senene hawaoani, huyu ni dada yako," alimwambia Dero. "Mshukuruni Mungu hamjazaa."

Watoto walitoka nje kila mmoja kivyake. Ndani walibaki ndugu wawili na nyama ya watu mezani.

"Kevina, si kweli," Mugalula alisema.

"Najua si kweli."

"Basi tuwaambie."

"Tuwaambie nini? Kwamba sisi ni wapagazi?" Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Kaka, mimi nimeolewa hapa kama Senene. Watoto wangu wameoa na kuolewa kwa jina hilo, mama yao ni Senene. Wewe umesimama kwenye mahema ya watu ukawatoza faini kwa kutojua wao ni nani. Ukilivua hilo jina, unatuvua sote. Noelina ataugua moyo, atapona. Wengine wamepona."

Mugalula alinyamaza. Hilo ndilo alilolijutia baadaye kuliko yote. Kama angetoka pale pale akasema, wakati maneno hayajapangwa na jasho bado linamtoka, huenda mtu angemwamini.

Noelina hakupona. Hakulia mbele za watu, hakugombana na mtu, alishona tu. Ila alianza kukosea. Anashona bega la kushoto mahali pa kulia, anafumua, anakosea tena. Kicheko kilikwisha na yale maneno ya mtaani yakakwisha. Alimjibu baba yake kwa heshima zote na sentensi fupi, na mzee aliyekuwa akilalamika kwamba hawaelewi vijana, sasa alikaa barazani akingoja neno moja tu la kijinga. Dero alikuja mara moja. Alisimama getini, hakuingia, akasema, "Nimekuja kumsalimia dada," akashindwa kuendelea, akaondoka.

Mzee alivumilia msimu mzima wa mvua. Halafu Jumapili moja alivaa kanzu na koti la kijivu, akaenda Gomba nyumbani kwa Kigye, baba yake Dero, ambako wazee wa ukoo wa upande ule walikuwa wanakutana. Hakumuaga Kevina. Njiani alikuwa mtulivu. Alishakubali kwamba akirudi hatakuwa na jina wala kazi, na kwamba watoto wa Nateete watamwita mpagazi. Aliona ni bei halali.

Walimpokea kwa furaha. Nani asiyemjua Mugalula? Walimwita ndugu yetu, wakamtolea kiti kizuri, wakampa kahawa. Akakataa kiti, akasimama. Akawaeleza yote. Akawaeleza Barampama alivyotembea, alivyolima, alivyopewa jina. Akawaeleza jinsi baba yake alivyochekwa sokoni na jinsi yeye mwenyewe alivyomcheka. Akasema yeye si Senene, hajawahi kuwa, na binti yake si dada wa kijana wao, na kama kuna dhambi ni yake peke yake, wasiwatwishe watoto. Alisema kwa muda mrefu, kwa Kiganda kile kile, maana hakuwa na kingine. Alipomaliza, wazee wawili walikuwa wanafuta macho.

Kigye akaweka kikombe chini. "Mugalula, nimewasikia wasemaji tangu nikiwa mdogo," alisema. "Sijasikia mtu akisema hivyo. Mungu atulinde, ulimi huu."

"Si ulimi. Ni kweli."

"Mrundi gani anaongea hivi, ndugu yangu?"

"Mimi."

Mzee mmoja mrefu, mwenye fimbo kati ya magoti, alimtazama kwa huruma. "Basi hebu tusemeshe Kirundi kidogo."

Mugalula akafungua mdomo. Alikumbuka sauti ya baba yake, jinsi ilivyopanda na kushuka mlangoni jioni akimwita. Alikumbuka mpaka harufu ya shati lake. Maneno hakuyakumbuka hata moja. Alikuwa ameyakataa yote.

"Kilima cha baba yako huko Burundi kinaitwaje?"

"Sijui."

"Babu yako?"

"Hakuniambia. Sikumuuliza."

"Na wa kwetu je, unawajua?" mwenye fimbo aliuliza polepole. Mugalula, kwa mazoea ya umri mzima, akaanza kuwataja, tawi, mlango, kilima, mmoja baada ya mwingine bila kukwama, mpaka akajisikia mwenyewe akanyamaza katikati. Wazee wakacheka, wala si kicheko cha ubaya. Walicheka kama watu wanaomwona mtoto amejificha nyuma ya pazia na miguu yake inaonekana.

"Kaa chini, ndugu yetu," Kigye alisema. "Unampenda binti yako. Hata mimi ningedanganya, ila nisingeweza vizuri hivi. Lakini hatuwezi kuwaozesha ndugu kwa ndugu kwa sababu msemaji ana maneno matamu. Na ile ya kujiita mpagazi usiirudie. Unajidhalilisha bure."

Dero alikuwa amesimama mlangoni wakati wote. Alimsindikiza mzee mpaka barabarani, wakasimama chini ya jua kungoja usafiri.

"Wewe unaniamini?" Mugalula alimuuliza.

"Nimetamani nikuamini, mzee wangu. Kinoma nimetamani." Dero aliangalia viatu vyake. "Lakini ulivyoongea vile, nani ataamini? Ungekoroga hata kidogo."

Mzee alirudi nyumbani akamwambia Noelina. Safari hii hakupanga maneno. Alianza mwisho, akarudi mwanzo, akarukia kwa marehemu mkewe, na Noelina akasimamisha cherehani akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli," Noelina alisema. Hakuwa anauliza.

"Ni kweli."

"Ulikuwa unajua pale kwa Ssenga?"

"Nilijua."

"Na Jumamosi zote zile, Dero yuko hapa hapa barazani. Hukumuuliza ni wa ukoo gani?"

"Hapana."

"Mimi nilijua umeuliza, Baba. Nilisema, baba yangu kazi yake ni hiyo, angekuwa na neno angesema. Ndiyo maana sikujisumbua." Alikuwa anazungumza taratibu. "Ungeuliza siku ya kwanza, ningemwona ni kaka nikampikia chai basi. Au ungesema pale pale kwa Ssenga, mbele yake, kabla hajanizoea kuwa dada. Kwa nini hukuuliza?"

"Niliogopa na yeye ataniuliza."

Noelina akakata uzi kwa meno. Halafu akasema kwamba katika dunia nzima yeye peke yake ndiye aliyemwamini, na kwamba angependa asingemwamini, ingekuwa rahisi zaidi. Akawasha cherehani. Hawakulizungumza tena.

Habari ya Gomba ilienea, ila ilienea vingine. Watu walisimuliana jinsi Mugalula alivyowaliza wazee kwa kujitungia kisa cha Burundi ili kumwokoa binti yake, na sifa zake zikapaa. Simu zikaja nyingi kuliko zamani. Ukoo wa Senene ukamwita kwenye vikao vyake, ukampa nafasi ya mbele. Kevina alimpigia simu akicheka na kulia kwa pamoja, akasema Mungu ni mkubwa. Mugalula alikwenda kila alipoitwa na alijitaja kila alipotakiwa. Hofu ya ile sauti ya nyuma ya hema ilikuwa imekwisha kabisa. Sasa alijua haitakuja, hata kama angeiomba.

Mwaka uliofuata Dero alipata mchumba, binti wa ukoo wa Nyani kutoka Wakiso, na baba yake Dero alichunguza ukoo huo mpaka babu wa tano. Wakaja Nateete, Kigye na wazee wawili na Dero mwenyewe, kumwomba Mugalula awe msemaji wao. Walimwomba kama baba wa kijana kiukoo, na neno baba walilitamka kwa upendo. Mugalula alikuwa amekaa kwenye mkeka nao, anatafuta jinsi ya kukataa, Noelina alipotoka ndani.

Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani. Akaja mpaka mbele ya Dero, akapiga magoti, akaweka mikono pamoja, akamsalimia. Hakumwita Dero. Alimwita kaka yangu mheshimiwa. Alimuuliza hali kwa ile salamu ndefu ya ndani, ya wakubwa, akamshukuru kwa kazi, akamuuliza wa nyumbani mmoja mmoja, akawaombea heri waliolala na walioamka, kila neno mahali pake, na sauti yake imetulia kabisa. Wazee wa Gomba walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba msichana kama huyu siku hizi hapatikani.

Dero alijaribu kuitikia. Alianza vizuri, akafika katikati akakwama, akamwangalia Noelina kama anayemwomba amsaidie kwa neno moja lolote la zamani zao. Noelina alibaki na magoti chini, macho kwenye mkeka, akingoja jibu linalostahili. Mugalula alikisikiliza Kiganda chake kikitoka kwa mtoto wake bila kasoro hata moja, akatamani ardhi immeze. Kisha, kwa kuwa kijana alishindwa na wageni walikuwa wanangoja, aliinama mbele akamwitikia binti yake kwa niaba ya kaka yake.